Shajara ya mradi: mabango ya wanawake wa Makerere na Mlimani

13 Januari

Ukubwa wa kazi tumekubaliana. Mabango kumi na mawili ya kusimamisha, yatazunguka kwenye shule za sekondari za wasichana, kila bango lisizidi maneno mia mbili, yote kwa Kiswahili. Mada ni wanawake, pamoja na wanafunzi wa jamii za wachache, walivyoingia vyuo vikuu vya umma vya Afrika Mashariki. Habari zenyewe zimeandikwa sana, ila kwa Kiingereza na kwa lugha ya watafiti. Msichana wa kidato cha pili hawezi kukutana nazo isipokuwa kwa bahati.

Mhariri wetu ameleta mpangilio wa "wa kwanza": daktari wa kwanza, mwanasheria wa kwanza, waziri wa kwanza. Nimeukubali kwa muda kwa sababu unasomeka haraka na picha zake zinapatikana. Moyoni sijaridhika. Ukimwonyesha mtoto safu ya wa kwanza, ataondoka akiamini kwamba mambo yalibadilika kwa sababu hatimaye alizaliwa msichana mwenye akili. Wenye akili walikuwapo siku zote, tena wengi.

20 Januari

Bango la kwanza, Makerere, Kampala. Chuo kilianza 1922 kama shule ya ufundi, vijana kumi na wanne wa kiume wakifundishwa useremala, ujenzi na umakanika. Kaulimbiu yake ya zamani iliwahimiza wawe wanaume. Mwaka 1945 walipopokelewa wanawake sita wa mwanzo, kaulimbiu hiyo haikufaa tena, ikawekwa nyingine inayosema kwamba wanajenga kwa ajili ya siku zijazo. Ndiyo inayotumika hadi leo.

Wanawake hao hawakushuka na mvua. Nyuma yao kulikuwa na shule kama Gayaza, iliyoanza 1905, na King's College Budo, shule ya wavulana iliyokubali kuchukua wasichana miaka ya 1930. Kulikuwa pia na Mary Stuart, mke wa Askofu Cyril Stuart wa Uganda, aliyewasumbua wakubwa wa elimu mpaka wakakubali kwamba msichana naye anaweza kukaa chuoni. Bweni la wanawake lilipewa jina lake.

Nimemwomba msanifu aache nafasi ya maelezo mafupi kuhusu utani wa mabweni. Mary Stuart Hall inaitwa "Box", na urafiki wake na wanaume wa Lumumba Hall unaitwa "Lumbox". Lumumba wana sanamu yao, Gongom, na Mary Stuart wana Gongomess. Mhariri anasema hayo ni mambo ya wanafunzi, hayana uzito. Mimi naona yana uzito wake: chuo kilichoanza bila mwanamke hata mmoja kimefika mahali ambapo hata utani wake haukamiliki bila wanawake.

Kuna jambo la Nyerere pia, tutaliweka kwenye kona. Aliingia Makerere 1943, wakati chuo hakina mwanafunzi mwanamke, na akiwa palepale aliandika insha ndefu juu ya uhuru wa wanawake, akiwa amemsoma John Stuart Mill na kuwafikiria wanawake wa kwao Uzanaki. Tulikumbuke hilo tutakapofika 1974.

28 Januari

Sarah Ntiro. Leo tumebishana karibu siku nzima.

Alizaliwa Hoima, akiitwa Sarah Nyendwoha. Alisoma Budo, akaingia Makerere akitaka kusoma hisabati, na mwalimu wa somo hilo akakataa kumfundisha msichana. Akahamia masomo ya sanaa. Baadaye akaenda Oxford, akahitimu 1954, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata shahada pale. Aliporudi kufundisha Gayaza akakuta mshahara aliopangiwa ni mdogo kuliko wa wanaume wenye sifa kama zake. Akasema kama ndivyo, hachukui hata senti. Akawa anafundisha bila kulipwa mpaka suala likafika kwa Gavana na mshahara ukarekebishwa. Aliolewa na Sam Ntiro, mchoraji wa Kilimanjaro ambaye baada ya uhuru alikuwa balozi wetu London, kwa hiyo kwa sisi huku ni shemeji. Amefariki 2018.

Mhariri anataka kichwa cha bango kiwe Oxford. Anasema wasichana wanahitaji kuona kilele. Mimi nataka kiwe hisabati. Oxford inamwambia msichana kwamba Sarah alifanikiwa, basi. Hisabati inamwambia kwamba kuingia getini na kuingia darasani ni mambo mawili: Makerere ilikuwa imeshafungua geti, lakini ndani mtu mmoja mwenye chaki aliweza kufunga chumba chake bila kumuuliza mtu. Na mshahara unaongeza la tatu, kwamba hata ukitoka na cheti, bado kuna meza ya mhasibu.

Msanifu, ambaye kwa kawaida hasemi sana, ndiye aliyetutoa. Amependekeza bango lichorwe kama barabara yenye vizuizi vitatu, kila kizuizi na mwaka wake, na Oxford iwe kituo kimojawapo njiani. Tumekubali.

3 Februari

Fupi. Josephine Nambooze amewekwa: 1959, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kuhitimu udaktari, Makerere. Picha nzuri, maandishi yamekamilika.

11 Februari

Mabango ya jamii za wachache. Kichwa kilituuma, maana kwetu neno "wachache" watu hulielewa kila mmoja kwa namna yake. Tumechagua kuwaonyesha kwa kazi zao.

La kwanza ni Nairobi. Chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kama Royal Technical College, kikafunguliwa rasmi Oktoba 1956. Wahindi wa Afrika Mashariki walikuwa wamechanga fedha baada ya kuuawa kwa Gandhi ili wajenge chuo cha kumbukumbu yake. Badala ya kujenga vyuo viwili jirani, fedha zile ziliunganishwa na mpango wa serikali, na makubaliano yakawa chuo kipokee watu wa rangi zote. Ikumbukwe kwamba Kenya ya wakati ule ilikuwa na shule za Wazungu, shule za Wahindi na shule za Waafrika, na Mau Mau ilikuwa haijatulia. Benchi moja la maabara lenye watoto wa rangi tatu halikuwa jambo la kawaida.

La pili ni Mombasa. Waislamu wa pwani walikuwa nyuma katika elimu ya kizungu kwa sababu inayoeleweka: shule nyingi zilikuwa za misheni, na mzazi aliyeogopa mtoto wake kubadilishwa dini hakumpeleka. Kikaanzishwa chuo cha ufundi cha Waislamu, maarufu kwa kifupi chake MIOME, kwa michango ya Aga Khan, Sultani wa Zanzibar, Mabohora na fedha za serikali ya kikoloni. Mwaka 1966 kikafunguliwa kwa watu wote kikaitwa Mombasa Technical Institute, 1972 kikawa Mombasa Polytechnic, na tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Wazee wa Mji wa Kale bado wanakiita Miome, na mwenzetu wa Mombasa ametuonya kwamba tukiandika jina lingine peke yake hawatatusikiliza.

La tatu linahuzunisha. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku tisini waondoke Uganda. Makerere ikapoteza wanafunzi na walimu kwa mkupuo mmoja. Mahmood Mamdani, aliyekuwa ameanza kufundisha pale, aliondoka na wenzake, na mwaka uliofuata alikuwa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akifundisha. Huo ndio ulikuwa uhusiano wa vyuo hivi wakati ule. Vililelewa pamoja chini ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, vikaachana 1970, lakini mmoja aliposhikwa koo mwingine alifungua mlango.

19 Februari

Wangari Maathai. Kila mtu anamjua kwa miti, kwa hiyo bango litaacha miti. Alirudi Kenya 1966 na shahada mbili za Marekani na barua ya kazi chuoni Nairobi mkononi. Akaambiwa nafasi imeshapewa mtu mwingine. Yeye mwenyewe aliamini kabila na jinsia yake vilihusika. Akapata kazi idara nyingine, ya anatomia ya mifugo, na 1971 akapata udaktari wa falsafa, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati. Kisha yeye na Vertistine Mbaya wakaanza kudai nyumba na pensheni sawa na za wahadhiri wanaume.

Angalieni mfululizo huu. Ntiro mshahara, Maathai nyumba. Hii habari ya posho inastahili bango zima, lakini mradi ni wa wanafunzi, naliacha.

5 Machi

Tumehamia Mlimani. Chuo kilianza 25 Oktoba 1961, wiki sita kabla ya uhuru, ndani ya jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi kumi na wanne. Mlimani kwenyewe walihamia 1964. Julie Manning, mmoja wa wanawake wa mwanzo kusoma sheria pale, 1975 aliteuliwa Waziri wa Sheria, wakati uleule Tabitha Siwale naye akiingia barazani. Wote wawili wako kwenye bango moja.

Kona ya chini tumewaweka wanafunzi wa gazeti la Cheche, lililoanza 1969 na kufungiwa 1970. Ukisoma majina ya wahariri utaona Mlimani ya siku zile ilivyokuwa: Karim Hirji, Henry Mapolu, Zakia Meghji. Mhindi, Mwafrika, mwanamke Mwislamu, wote wakimkosoa Mwalimu kwamba ujamaa wake hautoshi. Meghji ndiye aliyekuja kuwa Waziri wa Fedha 2006. Sidhani alipokuwa akipiga chapa Cheche alikuwa na mpango huo.

17 Machi

Hili ndilo bango lililobadilisha mradi, kwa hiyo naandika kwa kirefu.

Azimio la Musoma, Novemba 1974. Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa Musoma ikaamua mambo makubwa ya elimu. Moja linajulikana kwa kila mtu, elimu ya msingi kwa wote ifikiwe upesi. Jingine halizungumzwi sana: chuo kikuu kisipokee tena vijana moja kwa moja kutoka kidato cha sita. Kijana amalize JKT, yaani Jeshi la Kujenga Taifa, aende kazini miaka miwili angalau, kisha aombe nafasi akiwa na pendekezo la mwajiri wake na la tawi la chama.

Nia ilieleweka. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga kulazimishwa kwenda JKT, na Nyerere aliwarudisha makwao zaidi ya mia tatu. Tangu hapo hakuwaamini wasomi ambao hawajawahi kushika jembe wala kupokea mshahara mdogo. Musoma ilikuwa dawa ya ugonjwa huo. Na kanuni yenyewe, ukiisoma neno kwa neno, haimtaji mwanamke mahali popote. Ni sawa kwa wote.

Sasa chukua vijana wawili wa mwaka 1975, kaka na dada, wamemaliza kidato cha sita pamoja wakiwa na miaka ishirini. JKT mwaka mmoja, kazini miwili, wanatimiza ishirini na tatu. Kaka katika muda huo huenda ameoa. Ndoa haimzuii kitu. Mke yupo nyumbani, barua ya bosi ameipata, anapanda basi kwenda Dar. Dada naye ameolewa, kwa sababu nyumbani hakuna aliyekubali msichana aliyemaliza shule akae miaka mitatu "akisubiri chuo". Ana mtoto mgongoni na mume kituo kingine cha kazi. Pendekezo la mwajiri anatakiwa kuliomba kwa mwanamume ambaye hataki kupoteza karani wake, na ruhusa ya kuondoka anatakiwa kuiomba kwa mwanamume mwingine aliyelipa mahari. Hakuna sheria aliyovunja mtu. Fomu ya maombi haikujazwa tu.

Idadi ya wanawake Mlimani ilishuka, ikaonekana wazi, na 1976 serikali ikawaruhusu wanawake kuingia moja kwa moja kutoka kidato cha sita bila kupitia miaka ile ya kazini. Ni marekebisho ya haraka kwa serikali yoyote, na nawapa haki yao. Lakini yanashangaza yalipotoka: kiongozi aliyeandika juu ya uhuru wa wanawake akiwa kijana wa Makerere ndiye aliyesimamia kanuni iliyowafungia nje, bila kukusudia, kwa kuiandika ikiwa sawa kwa wote.

Nimewaandikia wenzangu leo usiku. Napendekeza mpangilio wa "wa kwanza" ufe. Uti wa mgongo wa maonyesho uwe masharti ya kuingia: nani aliyaandika, lini, na yalimpita nani bila kumwona. Watu mashuhuri wabaki, ila kila mmoja asimame mbele ya sharti alilokutana nalo.

19 Machi

Wamekubali. Mhariri kwa shingo upande. Ana haki yake: kazi ya wiki nyingi anaipanga upya.

26 Machi

Nimepeleka rasimu ya bango la Musoma kwa mwalimu mstaafu anayekaa jirani na dada yangu. Alifundisha sekondari za wasichana enzi hizo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leta hilo karatasi lenu, na unipe miwani ile pale."

Akasoma taratibu kwa kidole. Akafika katikati akasimama.

"Hapa mmeandika wanawake walipungua."

"Ndiyo, mama."

"Hawakupungua. Waliolewa. Andikeni hivyo."

Tumeandika hivyo.

8 Aprili

Kampala. Bango la alama moja na nusu ndilo lililotupa shida ya kulieleza kwa maneno mia mbili, kwa hiyo mwenzetu wa huku ameamua lisiwe la maneno, liwe la hesabu.

Mwaka 1990 Makerere ilianza kumwongezea kila mwanamke mwombaji alama 1.5. Kabla ya hapo wanawake walikuwa takriban robo ya wanafunzi. Katika muongo uliofuata walipita theluthi, na wakaendelea kupanda. Huko mitaani uamuzi huo ulizua maneno mengi, na bado yapo: kwamba wasichana wanapewa bure, kwamba cheti chao kina kasoro.

Hesabu yenyewe ni hii. Katika mitihani ya kidato cha sita Uganda, A ni alama 6, B 5, C 4, inashuka hivyo. Kozi unayoomba ina masomo ya lazima, na alama za masomo hayo huzidishwa kwa tatu. Msichana aliyepata C kwenye somo la lazima ana 12. Jirani yake aliyepata B ana 15. Tofauti ni 3. Nyongeza ya 1.5 haifiki hata daraja moja la somo moja. Ni nusu yake. Hakuna aliyefeli anayeokolewa na nusu daraja. Ila kwenye kozi kama sheria na udaktari, ambako waombaji wamebanana na wanatenganishwa kwa desimali, nusu hiyo inaamua nani aingie kwa udhamini wa serikali na nani abaki nje.

Lawama yenye mashiko ni nyingine, na bango litaisema: nyongeza inamsaidia aliyefika kidato cha sita, tena mwenye matokeo mazuri. Wengi wa waliofaidika walitoka Gayaza, Namagunga, Nabisunsa na shule za aina hiyo, binti za watu wenye uwezo wa kulipa. Msichana wa Karamoja aliyeacha shule darasa la tano hana mahali pa kuiweka 1.5. Ndiyo maana baadaye Uganda iliongeza nafasi za wilaya, na ikatenga nafasi 64 kila mwaka kwa wanafunzi wenye ulemavu katika udhamini wa serikali.

Mlimani walipita njia nyingine, hasa kwenye sayansi na uhandisi. Wasichana waliokosa kidogo alama za kuingia waliitwa kwenye mafunzo ya maandalizi, wakapigwa msasa wiki kadhaa, wakafanya mtihani, waliofaulu wakadahiliwa. Miaka ya 2000 ulikuwapo pia udhamini wa wasichana kwa fedha za Carnegie, shirika la Kimarekani, Mlimani na Makerere. Njia hii napendelea zaidi binafsi. Inampa mtu fizikia pamoja na nafasi. Mwenzetu wa Kampala anasema napendelea kwa sababu ni ya kwetu.

10 Aprili

Bado Kampala. Tumekwenda kusimama nje ya Africa Hall, bweni lingine la wanawake.

Mapema 1976 Esther Chesire, mwanafunzi Mkenya wa Makerere, alitoweka alipokuwa akisafiri kurudi Kenya kupitia Entebbe. Kenya ikapiga kelele, ikaundwa tume ya uchunguzi. Mlezi wa Africa Hall, Theresa Nanziri Bukenya, alikuwa shahidi. Hakukubali kusema uongo ambao serikali ya Amin ilitaka auseme. Juni mwaka huo aliuawa, akiwa na mimba kubwa.

Alikuwa mwalimu wa hisabati. Somo lile alilonyimwa Sarah Ntiro chuo hichohicho, kizazi kimoja baadaye lilikuwa mikononi mwa mwanamke.

Mhariri aliuliza kama watoto wa sekondari wanafaa kusoma jambo hili. Nimejibu kwamba wanaofundishwa vita vya Kagera wanaweza kufundishwa na hili. Bango litakuwa na maandishi tu, halina picha, na yatakuwa machache kuliko yote.

24 Aprili

Mlimani tena, Februari 1990. Hili tulilikwepa kwa muda.

Kulikuwa na kitu kinaitwa Punch. Wanafunzi wasiojulikana walibandika ukutani usiku katuni na maandishi ya kumchafua mtu. Enzi za mwanzo ilijulikana kwa kuwakejeli wakubwa, na wengi waliosoma wakati huo bado wanaisimulia kwa kicheko. Lakini baadaye shabaha yake kubwa ikawa wasichana: aliyemkataa mvulana fulani, aliyepata alama nzuri, aliyejitokeza. Ukishabandikwa, wenzako walitakiwa wakutenge, na aliyekaa nawe naye alibandikwa. Februari 1990 mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyekuwa akiandamwa hivyo alijitoa uhai.

TAMWA, chama cha wanahabari wanawake kilichokuwa na umri wa miaka michache tu, kililitoa jambo hilo kwenye kuta za chuo kikalipeleka magazetini. Hapo nchi ikaanza kusema hadharani kuhusu unyanyasaji wa kijinsia vyuoni. Sheria ya makosa ya kujamiiana ikaja 1998, na 2007 sheria ya rushwa ikaitaja rushwa ya ngono.

Jina la binti huyo lilichapishwa sana wakati ule. Sisi hatutaliandika. Familia yake haikuomba awe bango. Badala yake tumeeleza namna Punch ilivyofanya kazi, hatua kwa hatua, kwa sababu msichana wa leo ataitambua mara moja. Ukuta umehamia kwenye simu, basi, na kundi la WhatsApp la darasa lina wabandikaji wake.

Na hapa ndipo mpangilio wa masharti unapofika mwisho wa uwezo wake. Punch haikuandikwa kwenye fomu yoyote ya udahili. 1.5 haiigusi. Nimekubaliana na mhariri kwamba mabango mawili ya mwisho yazungumzie kukaa chuoni: mabweni, usalama, walimu. Namshukuru kwa kung'ang'ania, maana ni wazo lake tangu Januari.

12 Mei

Majaribio, shule moja ya bweni mkoani Pwani. Tuliyasimamisha bwaloni baada ya chakula.

Bango la hesabu ndilo lililoziba njia. Wasichana walikaa chini na kalamu wakaanza kupiga alama zao wenyewe za mtihani wa majaribio kwa mfumo wa Uganda, wakabishana kama 1.5 ni haki. Wa kidato cha tano mmoja alishikilia kwamba ni dharau, na hakuna aliyemwondoa hapo. Mwingine alimuuliza kama shule yenye maabara tano na shule isiyo na hata moja zikifanya mtihani mmoja, hiyo nayo ni haki. Walimu walitaka kuingilia, tukawaomba wasubiri.

Bango la Julie Manning na Tabitha Siwale walilipita bila kusimama. Limejaa tarehe na vyeo. Msanifu ameshaanza kulipunguza.

Musoma iliwashangaza kwa jambo ambalo sikulitegemea. Hawakuwa wakijua kwamba iliwahi kulazimu kufanya kazi kabla ya chuo. Wengi walisema wangependa. Ada ya chuo inawaumiza vichwa, mkopo hauna uhakika, na kupata kazi miaka miwili na akiba kidogo waliona ni bahati. Tumeongeza sentensi moja kwenye bango kueleza kwamba wakati ule chuo kilikuwa bure, na kazi ilikuwa unapangiwa.

29 Mei

Marekebisho ya mwisho. Jina la Miome liko juu, la Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa chini. Bango la Africa Hall limebaki na mistari minne. Kisanduku cha maswali kimeondolewa kwenye mabango yote, kwa kuwa wasichana walikuwa na yao.

Mafaili yamekwenda kwa mchapaji. Mabango yatoke kwenye turubai nzito, la sivyo yatachanika kwenye buti la gari. Pwani na Morogoro watapokea kwanza. Tanga wasubiri shule zifunguliwe Julai, kwa sababu gari tuliloazimwa lina safari nyingine mwezi Juni. Kazi inayofuata ni kusoma maandishi yote kwa sauti na kuyarekodi, kwa ajili ya wanafunzi wasioona. Mwalimu mstaafu amesema lile la Musoma atalisoma yeye.